Mombasa kwa Saa Zake: Mwongozo Kamili wa Kula Chakula cha Mji Ukiwa Safarini Kikazi

Wafanyakazi wengi wanaotumwa Mombasa kwa semina, ukaguzi au kazi za bandarini hurudi makwao bila kuonja chakula cha Mombasa. Wanafikia hoteli za Nyali, Bamburi au Shanzu. Asubuhi ni soseji na mayai, saa nne ni chai ya mkutanoni, mchana ni bafe, na usiku ni bafe ileile iliyobadilishwa jina. Ukiwauliza kulikoni, watakwambia muda haukuwepo.

Muda upo. Vyakula vinavyoupa mji huu sifa huuzwa zaidi alfajiri, alasiri na usiku, yaani mkutano haujaanza au umeshakwisha. Shida ni kwamba kila chakula kina saa yake, na mgeni asiyeijua saa hiyo atafika kibandani akute sufuria inaoshwa. Ukizijua saa, siku tatu za kazi zinatosha kula vizuri bila kukosa kikao hata kimoja.

Hatua ya kwanza: Jua utalala upande gani wa maji

Mombasa mjini ni kisiwa. Mji wa Kale, Marikiti, Makadara, Bondeni na Majengo, ambako chakula chenyewe kiko, vyote viko kisiwani. Hoteli kubwa za mikutano ziko bara ya kaskazini, ng'ambo ya Daraja la Nyali lililofunguliwa mwaka 1980, na jioni foleni ya daraja hilo inaweza kukumaliza nguvu. Anayelala Diani au Likoni ana kivuko mbele yake, nacho kina foleni zake.

Kama una uhuru wa kuchagua malazi, lala kisiwani: Kizingo, Ganjoni au karibu na Digo Road. Hapo tuktuk itakufikisha Mji wa Kale kwa dakika chache, na hata kwa miguu inawezekana. Kama mwajiri ameshakulipia chumba Bamburi, usihangaike kuvuka kila siku. Tenga jioni moja ya kwenda kisiwani, na alfajiri zako zitumie kwenye vibanda vya Kongowea na Bombolulu, ambako mahamri na mbaazi hupikwa kwa ajili ya watu wanaowahi kazini.

Ukija na treni kutoka Nairobi utashuka Miritini, nje ya kisiwa, na ukija kwa ndege utatua Port Reitz, nako ni bara ya magharibi. Njia zote mbili huingia mjini kupitia Makupa. Maana yake unaweza kupita kisiwani na kula kabla ya kwenda hotelini, hasa kama mzigo wako ni begi moja tu.

Hatua ya pili: Tazama kalenda kabla ya kukata tiketi

Siku ya Ijumaa ina uzito wake. Baada ya swala ya Ijumaa nyumba nyingi na mikahawa mingi hupakua biriani, na biriani ya Ijumaa huwa imepikwa kwa moyo. Ukiwa na nafasi ya kupanga ratiba, jitahidi Ijumaa mchana uwe mjini.

Mwezi wa Ramadhani hubadilisha kila kitu. Mchana mikahawa ya Mji wa Kale hufungwa, na si adabu kutembea ukitafuna au kunywa barabarani. Lakini anayejua haukimbii mwezi huo. Kuanzia alasiri mitaa hujaa meza: sambusa, katlesi, kaimati zinazong'aa kwa shira, vibibi, viazi vitamu vya nazi, mihogo ya nazi, tambi za sukari. Baada ya magharibi mji huchangamka hadi usiku mkubwa. Iwapo umetumwa kikazi Ramadhani, kula asubuhi chumbani au hotelini, vumilia mchana, kisha toka saa kumi na moja jioni ukanunue futari pamoja na wenyeji. Kwa maoni yangu huo ndio wakati bora kuliko yote wa kuonja vyakula vya nyumbani, kwa sababu vingi havionekani mtaani miezi mingine.

Samaki nao wana majira. Kusi ikivuma, kati ya mwezi wa nne na wa tisa hivi, bahari huchafuka na wavuvi wa vyombo vidogo hawatoki kama kawaida. Usishangae ukiambiwa leo hakuna samaki aina ya changu, na usilazimishe. Mpishi mwaminifu atakwambia kilichopo.

Hatua ya tatu: Alfajiri, mahamri na mbaazi

Hapa ndipo pa kuanzia, na kama safari yako ni ya siku moja, hapa ndipo pa kuishia pia.

Mkutano ukianza saa tatu, una saa tatu nzima kuanzia saa kumi na mbili. Toka mapema. Katika vichochoro vya Kibokoni, Bondeni na Majengo utawakuta akina mama na vijana wameweka karai mlangoni au pembeni mwa njia. Unga wa ngano umekandwa usiku kwa tui la nazi, sukari, hamira na iliki, ukalala ukaumuka. Husukumwa duara, hukatwa vipande vinne, kisha huingia katika mafuta. Simama utazame. Kipande huzama kwanza, halafu huibuka, na mpishi anakimwagia mafuta ya moto juu kwa mwiko mpaka kifure chote. Kikishageuzwa mara moja kinatoka, rangi ya hudhurungi, kinawekwa kwenye chujio kimwage mafuta.

Hamri zuri huwa na uwazi ndani. Ukilifungua, mvuke wa iliki unakupiga usoni, na vidole vyako havibaki vimelowa mafuta. Likiwa limejaa unga katikati kama donge, halikuumuka sawasawa, au mafuta hayakuwa moto vya kutosha. Nunua kwingine kesho.

Mbaazi nazo zina kipimo chake. Huchemshwa mpaka ziive kabisa, kisha hutiwa tui jepesi, na mwisho kabisa tui zito linalochemka kidogo tu. Zinatakiwa kusimama kwenye kijiko, mchuzi mweupe mzito ukiwa umezishika. Mbaazi zinazoogelea majini zimenyimwa nazi. Unalipasua hamri, unachota mbaazi, unakula kwa mkono wa kulia. Chai ya rangi yenye tangawizi inafaa kuliko ya maziwa, kwa sababu nazi peke yake inatosha kushibisha.

Namna ya kuagiza ni rahisi. "Sabalkheri, mama. Naomba mahamri manne na mbaazi." Usianze na bei, wala usinyooshe kidole kwenye sufuria. Salamu kwanza, na ukiitikiwa ndipo useme shida yako. Pwani ukiruka salamu utahudumiwa, lakini utahudumiwa mwisho.

Kufikia saa mbili na nusu mbaazi nzuri zimeisha. Ukikosa mahamri, tafuta vitumbua vya unga wa mchele, ambavyo hukaa sokoni muda mrefu kidogo.

Hatua ya nne: Mchana, chagua mlo mmoja wa mezani

Mchana ndio wakati mgumu kwa mtu wa kazi, kwa sababu chakula cha mkutano kimeshalipiwa na wenzako wanakungoja. Usishindane nacho kila siku. Chagua mchana mmoja, ikiwezekana Ijumaa, uende ukakae mezani kwenye mkahawa wa Kiswahili kisiwani.

Ukikuta biriani na pilau zote zipo, ujue ni milo miwili tofauti kabisa. Pilau hupikwa nyama, mchele na viungo katika sufuria moja. Biriani ya Mombasa hupikwa mbali mbali: wali wenye rangi ya zafarani upande mmoja, na upande wa pili masala mazito ya nyama au kuku, yenye vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa vyekundu, mtindi, nyanya, tangawizi na thomu (kitunguu saumu). Vinakutana sahanini. Mgeni akichanganya vyote mara moja hapotezi heshima, lakini anapoteza utamu: chukua wali kidogo, masala kidogo, kachumbari na tone la ndimu.

Mlo wa pili unaostahili meza ni samaki wa kupaka na wali wa nazi. Samaki mzima, changu au tafi au kolekole, hutiwa thomu, pilipili na ndimu, huchomwa juu ya makaa, kisha hupakwa tui zito lililokolezwa viungo na ukwaju au ndimu, akarudishwa motoni, akapakwa tena. Kazi hiyo haiwezi kuharakishwa. Piga simu mkahawani saa nne, wakati wa chai ya mkutano, useme utafika saa saba na mko wangapi. Ukifika bila taarifa ukapewa samaki wa kupaka kwa dakika tano, huyo alikuwa amelala.

Ndiyo sababu sipendekezi "usiku wa Kiswahili" wa hoteli za ufuoni. Wapishi wake mara nyingi ni hodari, lakini tui likikaa juu ya moto mdogo saa mbili hukatika, mafuta yakaelea juu, na samaki akakauka chini yake. Chakula cha nazi kinataka kuliwa kikitoka jikoni.

Mwenye hamu ya chakula cha Wamijikenda atafute vibanda vya sokoni Kongowea mchana: sima, samaki mkavu au wa kukaanga, na mboga za nazi. Uliza kama kuna mchunga. Ni mboga chungu, na uchungu huo ndio wanaoupenda wenyewe.

Hatua ya tano: Alasiri, mkono mmoja tu unatosha

Vikao vikifungwa saa kumi na nusu, usipande chumbani kulala. Badilisha viatu utoke.

Viazi karai ndivyo vitu vya saa hii. Viazi huchemshwa, humenywa, huchovywa kwenye rojo la unga wenye rangi ya manjano na chumvi, kisha hukaangwa mpaka ganda likawa jembamba na kavu. Siri iko kwenye chatne. Ukwaju uliopondwa na pilipili, mzito, mchachu, mkali, na wengine huongeza chatne ya nazi mbichi. Muuzaji atakipasua kiazi na kukimwagia chatne katikati. Ukitaka pilipili kidogo sema kabla hajamwaga. Bajia za dengu au za kunde huuzwa hapohapo.

Kisha nenda Lighthouse, kwenye barabara ya Mama Ngina, upande wa kisiwa unaotazama mlango wa bahari ambamo meli zinazoingia Kilindini hupita karibu kabisa na watu. Eneo hili lilijengwa upya mwaka 2019, na familia za mjini hufika hapo jioni, hasa Jumamosi na Jumapili. Kuna muhogo wa kuchoma uliochanjwa na kupakwa pilipili na ndimu, kuna kachri za muhogo zinazokaangwa mbele yako, na kuna madafu. Ukinunua dafu mwambie muuzaji kama unataka la maji tu au lenye nyama laini. Atalijua kwa kuligonga. Ukishamaliza maji, mrudishie alipasue na akuchongee kipande cha ganda kuwa kijiko.

Kama hupati nafasi ya kufika huko, maji ya miwa yaliyokamuliwa na tangawizi na ndimu yanapatikana mitaa mingi ya katikati ya mji. Hakikisha unakamuliwa yako, usikubali yaliyokwisha kumiminwa kwenye jagi.

Hatua ya sita: Usiku, nyama ya makaa na kahawa tungu

Kuanzia saa moja usiku moshi wa mishkaki utakuongoza. Nyama ya ng'ombe hukatwa vipande vidogo, hulazwa kwenye tangawizi, thomu, ndimu na papai bichi linaloilainisha, ikachomwa kwenye vijiti vya chuma. Bora ni kuila na mkate wa mofa, mkate wa mtama uliookwa kwenye joko la udongo. Mofa haupatikani kila mahali wala kila usiku, kwa hiyo uulizie Mji wa Kale, na ukiupata usiache. Usipoupata, mkate wa ajemi au chapati itafaa.

Mkate mayai ni wa kushiriki watu wawili: unga uliokandwa mwembamba, ndani nyama ya kusaga na mayai, ukakunjwa na kukaangwa. Wapenda bahari watafute muuza pweza, mwenye sufuria ya supu na ubao wa kukatia. Unachagua mnyiri (mkono wa pweza), anakukatia vipande, anakunyunyizia chumvi na pilipili.

Halafu kahawa. Muuza kahawa tungu hubeba dele (birika) la shaba lenye makaa chini yake, na vikombe vidogo visivyo na mikono. Husikika kabla hajaonekana, kwa vile anavigonganisha vikombe akipita. Kahawa yake ni nyeusi, haina sukari, ina tangawizi. Utamu unatoka kwenye kashata, tende au haluwa unayotafuna kando. Kikombe kimoja ni mafunda machache tu, na desturi ni kukaa barazani ukinywa cha pili na cha tatu huku mazungumzo yakiendelea. Hapo utapata habari za mji kuliko utakazopata kwenye semina. Kama kesho yako una wasilisho la asubuhi, ishia kikombe kimoja, kwa maana kahawa hiyo haina mzaha na usingizi.

Baraza za kahawa hukaliwa zaidi na wanaume. Mwanamke msafiri hafukuzwi, lakini akienda na mwenzake mwenyeji atakaa kwa raha zaidi, na mikahawa mingi ya kisiwani ina sehemu ya familia ambako anaweza kula kwa utulivu. Kwa wote, wake kwa waume, nguo za ufuoni ziachwe ufuoni. Migahawa hii haiuzi pombe, na usiingie nayo.

Hatua ya saba: Linda tumbo, maana kesho kuna kazi

Nazi ni chakula kizito kwa asiyeizoea. Usile mbaazi asubuhi, wali wa nazi mchana na mchuzi wa nazi usiku siku ya kwanza. Anza na mlo mmoja wa nazi kwa siku, kisha uongeze.

Kula kitokacho motoni. Viazi karai vya karaini ni salama kuliko vilivyopangwa kwenye kabati la kioo tangu adhuhuri. Hatari kubwa huwa kwenye chatne ya nazi mbichi, kwa sababu nazi huchacha upesi kwenye joto la pwani. Ikinuka uchachu usioelezeka kwa ukwaju, iache. Maji kunywa ya chupa, na barafu ya mtaani iruke. Weka pakiti za chumvi na sukari za kuongezea maji mwilini kwenye begi, zinazouzwa duka lolote la dawa. Mwenye mzio wa samaki, kamba au karanga aseme mapema na kwa uwazi, kwa vile mafuta ya karai moja huweza kukaangia vitu vingi.

Hatua ya nane: Pesa, risiti na wenzako wa kazini

Kama unalipwa posho ya siku, huna la kuhangaikia. Kama kampuni inarudisha gharama kwa risiti, panga hivi: mlo wa mezani ulipie mkahawani na udai risiti rasmi, na vitu vya mtaani vilipie mfukoni mwako. Mama wa mahamri hana risiti, na si haki kumsumbua. Wengi hupokea M-Pesa, na ujumbe wake hukusaidia kuweka hesabu, lakini beba pia chenji ndogo. Noti ya elfu moja alfajiri ni usumbufu kwa muuzaji ambaye ndiyo kwanza anafungua.

Mtu wa kukusaidia kuliko ramani yoyote ni mwenzako anayeishi Mombasa: katibu, dereva, mlinzi wa ofisi. Usimuulize "mkahawa mzuri uko wapi", maana atakupeleka anakodhani wageni hupapenda. Muulize yeye mwenyewe alikula wapi asubuhi ile. Mwambie mwende pamoja, na wewe ndiye ulipe, maana amekupa muda wake. Akikualika nyumbani, nenda. Mkate wa sinia wa mchele na nazi, au mchuzi wa kamba wa mama yake, hautaupata kwenye kibanda chochote. Nenda na matunda au sukari, vua viatu mlangoni, na usikatae kuongezewa mara ya kwanza.

Hatua ya tisa: Vitu vya kurudi navyo

Siku ya mwisho pita Marikiti, kwenye soko la viungo. Nunua iliki nzima na pilipili manga isiyosagwa, kwa sababu iliyosagwa huishiwa harufu upesi. Mabuyu mekundu na achari ya embe kavu huuzwa kwa pakiti na hupendwa na watoto na wafanyakazi wenzako kwa kiasi kilekile.

Haluwa nunua kwa wanaoipika wenyewe Mji wa Kale. Ni chakula kilichokuja na Waomani, waliotwaa Fort Jesus mwaka 1698, na mpaka leo hupikwa kwa wanga, sukari, samli na iliki, ikikorogwa muda mrefu bila kuachwa. Onja kabla ya kununua: iwe laini, inayovutika, isiyoacha unga ulimini. Haihitaji friji kwa safari, na husafiri vizuri kwenye mkoba.

Mahamri ya njiani yanunue alfajiri, uyaache yapoe ndipo uyafunge kwa karatasi, si plastiki. Mbaazi usizibebe, tui halifiki Nairobi. Na kama umenunua achari ya mafuta na unarudi kwa ndege, iweke kwenye sanduku la kupakiwa, maana ukaguzi wa uwanjani unaweza kuizuia mkononi. Mwambie muuzaji kuwa unasafiri, naye ataifunga mifuko miwili na kuikaza vizuri kifuniko.